Mkono Ulioondolewa: Mieleka ya Roboti na Kumbukumbu ya Songea

Tarehe 1 Novemba 2023 yalitukia mambo mawili, moja Afrika na jingine Marekani, na ni wachache walioyatazama kwa pamoja. Mjini Songea, mkoani Ruvuma, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alifika katika Makumbusho ya Maji Maji, akakutana na wazao wa Nduna Songea Mbano, na akaomba radhi kwa yale ambayo Wajerumani waliwatenda wazee wao. Siku hiyo hiyo mjini New York, Kamati ya Kwanza ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, ambayo hushughulikia masuala ya silaha, ilipiga kura juu ya azimio lake la kwanza kuhusu silaha zinazojiendesha, yaani zile ziwezazo kumchagua wa kumpiga na kumpiga pasipo mkono wa mtu kuzielekeza. Nchi 164 ziliunga mkono, 5 zilipinga, na 8 hazikuelemea upande wowote.

Jambo la kwanza lilitazama nyuma, la pili lilitazama mbele. Lakini swali lililokuwa chini yake ni moja: mashine inapopigana, ni nani anayepigana? Songea iliulizwa swali hilo mapema, tena kwa ukali, kuliko miji mingi ya dunia. Na upo mchezo mmoja mdogo, mchezo wa wanafunzi na mafundi, ambao kwa zaidi ya miaka 30 umekuwa ukilijibu kwa namna yake. Nao ni mieleka ya roboti: mashine mbili ndogo, zisizoshikwa wala kuelekezwa na mtu, zinasukumana juu ya ubao wa mviringo mpaka moja ianguke nje. Ili thamani ya mchezo huo ijulikane, hapana budi kwanza kutazama mashine ilipopigana mahali pasipokuwa na ulingo wala mwamuzi.

Neno la shokoa

Jina lenyewe, roboti, halikuzaliwa karakanani bali jukwaani. Mwaka 1920 mwandishi wa Kicheki, Karel Čapek, alitoa tamthilia yake iitwayo R.U.R., na mwaka uliofuata ikaigizwa mjini Prague. Alihitaji jina la viumbe wa kuundwa, wasio na wazazi wala haki, waliotengenezwa ili wafanye kazi tu. Nduguye Josef, aliyekuwa mchoraji, ndiye aliyempa neno hilo kutokana na neno robota. Kwa Kicheki, robota ni kazi ya kulazimishwa, ile ambayo mkulima alimfanyia bwana wa ardhi atake asitake. Kiswahili hakikuhitaji kamusi ili kulifahamu jambo hilo, kwani kina neno lake: shokoa. Likirudishwa katika asili yake, basi, roboti ni mtu wa shokoa. Na katika tamthilia ile, watu hao wa shokoa mwishowe wanaasi.

Miaka 15 kabla ya Čapek kuandika, uasi wa namna hiyo ulikwisha kutokea kusini mwa Tanganyika, tena si jukwaani. Chini ya Gavana Gustav Adolf von Götzen, kuanzia mwaka 1902, wanavijiji walilazimishwa kulima pamba katika mashamba ya pamoja, wakisimamiwa na maakida na majumbe, na kiboko kikiwa karibu. Mwezi Julai 1905, huko Nandete katika nchi ya Wamatumbi, pamba iling'olewa. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amekwisha kuwapa watu maji ya dawa na kuwaambia kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji. Alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905, lakini habari ya maji ilikuwa imekwisha kutoka mikononi mwake. Ilienda kwa miguu ya wajumbe, kabila kwa kabila, mpaka ikafika Ungoni.

Wangoni walikuwa na sababu zao. Wao wenyewe walikuwa watawala, kizazi cha wapiganaji waliotoka kusini mwa Afrika katika karne ya 19 na kuwatiisha majirani waliowakuta. Si haki kuwasimulia kana kwamba walikuwa kondoo. Hata jina la mji wa Songea ni jina la nduna wao. Wajerumani walipojenga boma lao hapo mwaka 1897, Wangoni walijikuta wanatozwa kodi na kuamrishwa katika nchi waliyokuwa wakiiamrisha. Maji yalipowafikia mwaka 1905, wengi waliyapokea.

Mashine iliyojilisha yenyewe

Walichokutana nacho kiliitwa bombomu. Jina hilo Waswahili walilitoa katika mlio wake. Kwa asili ilikuwa bunduki aliyoibuni Hiram Maxim, mzaliwa wa Marekani, alipokuwa London mwaka 1884. Bunduki za kufyatua haraka za kabla ya hapo ziliendeshwa kwa nguvu ya mkono. Mtu akichoka, bunduki nayo inachoka. Maxim alitambua kwamba kila risasi inapotoka, bunduki husukumwa nyuma, na nguvu ile ya kusukumwa huumiza bega la mpigaji na kupotea bure. Yeye akaitega nguvu hiyo ifanye kazi: itoe ganda tupu, ivute risasi nyingine, iisogeze mahali pake, na iifyatue. Mpigaji alibakiwa na kazi ya kubonyeza na kuelekeza tu. Bunduki iliweza kutoa takriban risasi 600 kwa dakika moja.

Hii, kwa hakika, ilikuwa mojawapo ya mashine za kwanza za vita zilizofanya sehemu ya kazi ya askari zenyewe. Haikuwa na akili, lakini ilikuwa na mzunguko wake usiohitaji mkono: pigo moja lilizaa pigo la pili. Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya wapiganaji waliishambulia boma ya Mahenge, na bombomu zikawafyeka uwanjani. Mwezi Oktoba kikosi kilichotoka Mahenge kiliwaendea Wangoni kikiwa na silaha hizo hizo, na jeshi lao kubwa likatawanyika. Waliokuwa wameamini kwamba risasi itageuka maji waliona kwa macho yao kwamba haikugeuka.

Baada ya hapo ilikuja njaa. Wajerumani walichoma mashamba na maghala kwa makusudi, na wanahistoria wengi hukadiria kwamba waliokufa katika vita vile na njaa yake walikuwa kati ya 200,000 na 300,000. Mjini Songea, tarehe 27 Februari 1906, mashujaa 67 walinyongwa na kuzikwa katika kaburi moja. Nduna Songea Mbano alinyongwa siku chache baadaye na kuzikwa peke yake. Wazao wake husimulia kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, na Steinmeier alipofika aliahidi kwamba nchi yake itajitahidi kukitafuta. Kila mwaka ifikapo mwisho wa Februari, Songea hukusanyika kuwakumbuka. Pwani nayo ilikuwa na wake wa kuhifadhi habari: Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alivitungia vita hivyo utenzi, ambao ulichapishwa Afrika Mashariki mwaka 1957.

Jambo moja katika habari hii aghalabu husemwa kwa sauti ya chini. Maofisa wa vikosi vile walikuwa Wajerumani, lakini sehemu kubwa ya askari walikuwa Waafrika: Wasudani, Wamanyema, na watu wa pwani na bara walioandikwa kwa mshahara. Kwa hiyo mkono uliokuwa karibu na mashine haukuwa daima mkono wa aliyeitaka vita. Aliyebuni alikuwa London, aliyeamuru alikuwa Dar es Salaam na Berlin, na aliyefyatua huenda alikuwa jirani. Dhima iligawanywa vipande vipande mpaka ikawa nyepesi kwa kila aliyeibeba. Miaka 117 ilipita kabla ya rais wa Ujerumani kusimama Songea na kutamka neno la radhi.

Ulingo wa sentimita 154

Mieleka ya roboti ilianzia Japani mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwanzilishi wake alikuwa Hiroshi Nozawa, mkuu wa kampuni ya programu za kompyuta iliyojulikana kama Fuji Software. Nia yake ilikuwa kuwavuta vijana wapende kuunda vitu kwa mikono yao. Mashindano rasmi ya kwanza ya taifa yalifanyika mwaka 1990, na roboti 147 zikaingia. Miaka kumi baadaye zilihesabiwa kwa maelfu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mato Hattori aliupeleka mchezo huo Marekani, na huko Bill Harrison akaueneza ule wa roboti ndogo zaidi. Tangu hapo umeenea Ulaya na Amerika ya Kusini, na timu za Mexico, Poland na Lithuania zimepata sifa kubwa. Kwa miaka kadhaa fainali za Tokyo zilifanyika katika ukumbi wa Ryogoku Kokugikan, ule ule wanamoshindana mabingwa wa sumo wenye miili ya nyama na damu.

Mchezo umeazimwa kutoka sumo, mieleka ya Kijapani, na kanuni zake zimebaki karibu na asili. Mcheza sumo hushindwa akitoka nje ya duara, au akigusa chini kwa kiungo kisichokuwa wayo. Duara hilo, liitwalo dohyo, lina kipenyo cha mita 4.55. La roboti ni takriban theluthi yake, sentimita 154: ubao mweusi ulioinuliwa sentimita 5 kutoka chini, na ukingoni una mstari mweupe. Roboti ya daraja kuu haizidi kilo 3 wala sentimita 20 kwa 20. Katika daraja dogo, lipendwalo sana na wanafunzi, roboti haizidi gramu 500 na sentimita 10 kwa 10, na ulingo wake ni wa sentimita 77, yaani karibu upana wa sinia kubwa la pilau. Pambano lote huchukua dakika 3, na anayepata ushindi mara mbili ndiye mshindi.

Yapo pia yaliyokatazwa. Roboti haitupi maji wala unga, haiwashi moto, haivurugi mitambo ya mwenzake kwa mawimbi, haikwaruzi ulingo. Inaweza kujipanua pambano likianza, lakini haina ruhusa ya kujigawa vipande. Magurudumu yake hayapakwi gundi. Mwamuzi huwa na kipimo chepesi cha jambo hilo: roboti huwekwa juu ya karatasi ya kawaida ya kuandikia, kisha huinuliwa, karatasi ikiganda na kuinuka nayo kwa zaidi ya sekunde 2, roboti imevunja kanuni. Hakuna alama ya kuvunja wala ya kuumiza. Kazi ni moja tu, kumtoa mwenzio uwanjani.

Na ndipo inapokuja kanuni iliyo moyo wa mchezo. Japani lipo kundi linaloongozwa kwa redio, lakini kundi lililoenea duniani ni lile la roboti zinazojiendesha. Katika utaratibu wake wa kawaida, mwenye roboti huiweka nyuma ya mstari wake, hubonyeza kitufe mwamuzi anapoashiria, kisha huondoa mkono na kurudi nyuma. Roboti hutulia kimya sekunde 5. Sekunde hizo zimewekwa ili mtu aondoke. Zikishapita, hana tena la kufanya. Akiona roboti yake inaelekea ukingoni, hawezi kuiita. Akikumbuka kosa alilolifanya usiku wa jana, limekwisha kuwa kosa la milele, angalau kwa dakika 3.

Macho, ulimi na ujanja

Jinsi roboti hizi zinavyoona ni jambo jepesi, na wepesi huo ndio unaozifanya ziwe darasa. Chini ya tumbo, karibu na ardhi, huwekwa vihisi vinavyotoa mwanga usioonekana kwa macho. Ubao mweusi huumeza mwanga huo, mstari mweupe huurudisha. Mwanga ukirudi, roboti inajua kwamba imefika ukingoni, na programu yake huiamuru irudi nyuma na kugeuka. Mbele huwekwa vihisi vingine vya kupima umbali. Kitu kikikaribia, ni adui, kwa sababu ulingoni hakuna kingine. Katikati upo ubongo mdogo wa kielektroniki, ambao husoma habari hizo mara nyingi katika kila sekunde na kuamuru mota. Mbele kabisa huwa na bapa la chuma lililolala kama ulimi wa mbuzi wa kukunia nazi, lipate kupenya chini ya mpinzani na kuyainua magurudumu yake. Gurudumu lisilogusa ardhi halina nguvu hata likizunguka vipi.

Juu ya msingi huo ndipo ujanja ulipojengwa. Wapo waliogundua kwamba kihisi cha mbele hakimwoni vizuri mpinzani aliyepakwa rangi nyeusi isiyong'aa, kwa kuwa naye huumeza mwanga. Wapo walioiamuru roboti isikimbilie mbele bali ijitenge kando kwanza, mpinzani apite kwa kasi yake mwenyewe, kisha ipigwe ubavuni. Katika daraja kuu, ambako ulingo ni wa chuma, waliweka sumaku kali chini ya roboti ya kilo 3, ikajikandamiza ardhini kwa nguvu inayopita uzito wake mara nyingi. Pambano la roboti za namna hiyo laweza kwisha kabla ya mtazamaji kupepesa jicho.

Lakini kila ujanja ulitiwa kabla. Hili ndilo ambalo mtazamaji mgeni hulisahau. Roboti ikikwepa, hupigiwa makofi kana kwamba imefikiri. Ikijitupa nje yenyewe, huchekwa kana kwamba imelewa. Haikufikiri wala haikulewa. Jua lililopenya dirishani lilikichanganya kihisi, na aliyeiunda hakuwahi kuijaribu mchana. Betri ilikuwa na nguvu ya juzi. Nambari moja katika programu iliwekwa kubwa mno. Kila anguko lina mwenyewe, na mwenyewe yuko hatua chache nje ya ulingo, mikono mitupu, anatazama. Hawezi kusema kwamba ni mashine.

Wapenzi wa ushairi watalitambua hilo bila kuelezwa. Malumbano ya washairi wa pwani yalikuwa na ulingo wake: bahari moja, vina na mizani visivyovunjwa, na hadhira iliyokuwa mwamuzi. Mshairi alitunga, akalituma shairi, na tangu hapo mkono wake ukawa umeondolewa. Shairi lilisomwa barazani asipokuwapo, likajitetea lenyewe kwa yale aliyoyatia ndani yake. Kina kilichopwaya hakikuweza kurekebishwa. Hata hivyo hapana aliyewahi kusema kwamba shairi ndilo lililotukana. Aliyejibiwa alikuwa mtunzi, kwa jina lake.

Historia hiyo hiyo inaonya pia. Mwanzoni mwa karne ya 19, Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana kwa mashairi na washairi wa Lamu, wakati miji hiyo miwili ilipokuwa katika uhasama. Malumbano hayakuzuia vita. Jeshi la Mombasa na Pate lilivuka mpaka Shela, na likashindwa vibaya ufukweni. Ulingo peke yake haufuti uadui. Ustadi uliofunzwa katika mchezo unaweza kuchukuliwa na kutumiwa nje ya mchezo. Macho yanayoitambua roboti nyeusi juu ya ubao hayatofautiani kwa asili na macho yanayomtafuta mtu porini. Tofauti ni mstari mweupe, na watu waliokubaliana kuuchora.

Kutoka Tokyo hadi Ruvuma

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba mchezo huu ni wa nchi tajiri. Dhana hiyo imedhoofika mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2005, mjini Ivrea nchini Italia, walimu na wanafunzi walianzisha Arduino, kibao cha kielektroniki cha bei ndogo ambacho ramani yake iko wazi kwa yeyote anayetaka kuiga. Mwaka 2012 Ayorkor Korsah wa Chuo Kikuu cha Ashesi, Ghana, pamoja na Ken Goldberg wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliasisi mtandao wa wanaroboti wa Afrika na kutangaza shindano la kubuni roboti ya kufundishia ya dola 10. Mmoja wa washindi, Thomas Tilley aliyekuwa akiishi Thailand, alitumia kishikio cha mchezo wa kompyuta, na kwa uzani wa kumwezesha kutambua kitu kilichogongwa akatumia pipi mbili za vijiti. Gharama yote ilikuwa dola 8.96.

Afrika Mashariki nayo haikukaa kitako. Mwaka 2011 nchini Uganda, Solomon King Benge alianzisha Fundi Bots, taasisi inayowafunza wanafunzi sayansi kwa kuunda roboti. Haikuwa bure kwamba jina lake lilianza na neno la Kiswahili. Fundi, katika lugha hii, si mtu wa mashine peke yake: yuko fundi wa seremala, fundi cherehani, fundi wa jahazi, na hata mshairi hodari huitwa fundi wa maneno. Tanga nako, mwaka 2021, ilifunguliwa bustani ya sayansi ambamo wanafunzi hujifunza kwa kugusa na kujaribu.

Songea ilikuwa mbali kwa njia nyingi. Kwa miaka mingi mji uliangazwa na jenereta za dizeli, na umeme wa gridi ya taifa uliufikia mwaka 2018, kwa njia iliyotoka Makambako. Lakini ulingo wa daraja dogo hauhitaji mengi. Unahitaji ubao wa sentimita 77, rangi nyeusi, na rangi nyeupe ya ukingo. Seremala yeyote wa mjini aweza kuukata. Unahitaji mota mbili ndogo, betri, vihisi vichache, na kibao kimoja. Unahitaji jedwali la kanuni linalotosha ukurasa mmoja. Na zaidi ya yote unahitaji wanafunzi wawili walio tayari kuondoa mikono yao na kuyapokea yatakayotokea. Kitu cha namna hii kina mahali pake katika mji wenye chuo cha ufundi na shule za sekondari zenye majina, mji ambao watoto wake hupita mbele ya mnara wa mashujaa wakienda kusoma.

Tena pana sababu ya kuutaka mchezo huu Songea kuliko penginepo. Mtoto wa Tokyo anayeiweka roboti yake ulingoni anacheza na siku zijazo. Mtoto wa Songea angekuwa anacheza pia na yaliyopita. Katika mji wake, mashine inayojilisha yenyewe haikuanza kuwa kitu cha kuchezea. Ilikuja ikiwa imebuniwa mbali, ikaamuriwa mbali, na waliosimama mbele yake hawakupewa kanuni, wala mwamuzi, wala sekunde 5. Walikuwa na imani na maji, na wamesemwa kwa hilo kwa zaidi ya karne moja. Ni mara chache wale waliokuwa upande wa pili wa mashine wameulizwa wao waliamini nini, hata wakaona kwamba kitu kinachofyatua risasi 600 kwa dakika kinaweza kuachiwa uwanjani na mtu akarudi nyumbani akiwa mikono mitupu na safi.

Wanaojadiliana kuhusu silaha zinazojiendesha wamekuwa wakikutana Geneva tangu mwaka 2014, na neno lililowagawa zaidi ni lile la mkono wa binadamu: uwe karibu kiasi gani, na ukiwa haupo, nani aitwe. Upande mmoja husema kwamba mashine itakuwa makini kuliko askari mwenye hofu. Mwingine husema kwamba pasipo na mtu hapana wa kuhukumiwa. Ulingo wa sentimita 77 haukati shauri hilo, lakini unafunza jambo ambalo pande zote mbili haziwezi kulikimbia. Kuondoa mkono si kuondoa dhima. Aliyeondoa mkono ametia kila alichokitia, na sekunde 5 za kimya ni zake.

Wahenga walisema kwamba wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Ulingo wa roboti umeundwa hivi kwamba ndani yake hamna nyasi: ni ubao mtupu, mashine mbili, na mstari. Mashine inayoanguka huokotwa na mwenyewe, hupanguswa vumbi, hufunguliwa, na hutazamwa kosa liko wapi. Kisha wenye roboti hupeana mikono. Mashujaa 67 waliolazwa katika kaburi moja Songea hawakuokotwa na aliyeiunda ile mashine, wala aliyeamuru hakuja kutazama kosa liko wapi. Ilibidi aje mwingine, mwaka 2023, kwa niaba yake.